Bi Kalunguyeye Ataka Mji

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walifunga kanga, wakaazimana chumvi na kununiana kwa sababu ya zamu ya kisima, palikuwa na mji ukiitwa Matopeni. Jumbe wa mji huo alikuwa Kiboko. Mdomo wa Kiboko mnaujua. Akicheka, majirani walikimbia kuanua nguo wakidhani ni radi.

Mjini hapo aliishi Bi Kalunguyeye. Nasikia mmoja wenu anacheka jina hilo. Cheka tu, mwanangu, utajuta baadaye. Kalunguyeye ni kale kanyama kadogo kanakoenea ndani ya kofia, mgongo mzima miiba. Ukikagusa kanajikunja, kanakuwa duara, na wewe unabaki unanyonya kidole.

Bi Kalunguyeye alikuwa mjane mwenye watoto wawili, na kazi yake ilikuwa kuandika hadithi. Aliandikaje? Alikuwa akipinda mkono nyuma, anashika mwiba mmoja wa mgongoni, anafumba macho, halafu: ais! Anauchomoa. Anauchovya kwenye wino wa masizi, anaandika juu ya gome laini la mti. Mwiba mmoja, hadithi moja. Hadithi ikifika mwisho, mwiba umekuwa butu, hauandiki tena hata jina.

Mwanzoni alizitoa hadithi zake bure, tena kwa furaha. Nani asiyependa kusikia mji mzima unacheka kwa jambo aliloliwaza yeye akiwa anachambua mchele? Ile ya Tembo aliyekwamisha mkonga kwenye mtungi wa mkwewe, watu waliicheka mpaka Tembo mwenyewe akavunja kitanda cha wenyeji wake.

Aliyekuwa akija kuzichukua ni Mbega. Yule wa joho refu jeupe mabegani, anayetembea kama anayesubiriwa. Mbega alikuwa msomaji wa mji, na sauti alikuwa nayo, haki yake tumpe. Kutunga hakujua hata salamu. Lakini akishika cha mwenzake akakisoma, ungeapa amekizaa yeye.

"Hodi, Bibie!"

"Karibu, Bwana Mbega."

"Ehee! Hii nayo imekauka? Lete. Utapata jina, Bibie, jina kubwa!"

"Ahsante. Na je, hakuna kidogo cha kutia chunguni?"

"Aa, Bibie! Jina kwanza. Jina likishakaa, vingine vinakuja vyenyewe."

"Jina ninalo tangu nizaliwe, Bwana Mbega. Ni Kalunguyeye. Refu, linanitosha."

Mbega akacheka kwe kwe kwe, akakunja gome chini ya joho, huyooo, akaenda zake. Bi Kalunguyeye akarudi jikoni kukoroga uji. Uji wenyewe ulikuwa mwepesi, unaweza kujitazama sura ndani yake.

Mambo yakawa hivyo, mwiba kwa mwiba, mpaka asubuhi moja alipokuwa anaoga uani. Mtoto wake mdogo alisimama nyuma yake akimtazama, kidole mdomoni.

"Mama."

"Nini?"

"Mbona mgongo wako umekuwa kama wa chura?"

Bi Kalunguyeye akapeleka mkono mgongoni. Akapapasa. Akapapasa tena, juu, chini, kando. Ngozi. Ngozi tupu, laini, yenye baridi! Miiba ilibaki michache tu huku kiunoni, imesimama mbalimbali kama mabua baada ya mavuno.

"Yarabi!" akasema. "Miiba yangu imekwenda wapi?"

Lakini alijua imekwenda wapi. Miiba yake ilikuwa imekwenda kuwachekesha watu.

Akajifunga kanga haraka, akafungua mlango amwage maji. Nani yuko pale nje? Mbweha. Kasimama barazani kwake, mikono nyuma, mpole kama mchumba.

"Habari za asubuhi, jirani."

"Nzuri, Bwana Mbweha. Mbona mapema?"

"Napita tu. Naona umepunguza miiba. Loo, umependeza!"

"Joto hilo," akajibu Bi Kalunguyeye, akaivuta kanga juu.

"Kweli kabisa. Punguza, jirani, punguza yote. Mwili unataka hewa." Mbweha akalamba mdomo taratibu, upande mmoja, kisha wa pili. "Watoto hawajambo? Wananenepa?"

Bi Kalunguyeye akafunga mlango, twa! Akatia komeo, akaegemeza na kinu. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, kwa sababu alielewa hesabu nzima palepale. Miiba ikiisha, yeye ameisha, na watoto wake ndio kabisa. Mwiba huota tena, ni kweli, lakini huota kwenye mwili ulioshiba. Kwa uji ule wa kujitazamia sura, hauoti hata unywele.

"Leo sichomoi mwiba," akajiambia. "Leo naenda kuazima unga."

Akatokea mlango wa nyuma mpaka kwa shoga yake, Bi Kanga. Si kanga ya kufunga, ni kanga ndege, yule wa madoadoa. Akamkuta anafunga mlango, na kikapu cha kunde kichwani.

"Shoga, unakwenda wapi na kunde zote hizo?"

"Kwa Mbega, shoga yangu! Leo anasoma ile ya mkonga kwenye mtungi. Huwezi kuingia mikono mitupu, lazima uache kitu mlangoni. Twende!"

"Uache kitu mlangoni?"

"Ndiyo. Na inafaa, maana ana akili yule! Hadithi nzuri namna ile, ameitunga mwenyewe."

"Ameitunga NANI?"

"Mbega. Si ndivyo anavyosema?"

Mkonga ule aliukwamisha yeye! Mtungi ule ulikuwa wa kwake, tena una ufa mpaka leo! Bi Kalunguyeye akakamata njia, tiki tiki tiki, Bi Kanga nyuma anauliza, "Shoga, kuna nini? Shoga, polepole, kunde zinamwagika!"

Walipofika kwa Mbega, watoto wangu, mlangoni palikuwa na tenga. Si kikapu, tenga! Ndani mna mtama, mna karanga, mna mapera, na asali kwenye kibuyu juu yake. Ndani ya nyumba sauti tamu inasema, "Na hapo ndipo mkwe akauliza, mwanangu, mtungi huo unaunusa au unauposa?" Watu wakaangua kicheko. Ka ka ka kaaa!

Mbega akatoka kufuta jasho, akakutana uso kwa uso na mwenye hadithi. Mlidhani angeona haya? Hata!

"Bibie! Umeona jina linavyokua?"

"La nani, Bwana Mbega? Hilo tenga ni la nini?"

"Aa, hiyo ni ya sauti yangu. Hawa wanalipia sauti, wanalipia mkeka, wanalipia kivuli cha paa langu. Maneno je, nani analipia maneno? Maneno ni bure."

"Nani kasema ni bure?"

"Ulikuwa unayatoa wewe mwenyewe!"

"Nilikupa. Sikusema uyauze."

"Sasa, Bibie, usiwe mchoyo. Hadithi ukishaitoa ni ya watu." Mbega akashusha sauti, akaweka mkono kiunoni pake, akauondoa upesi kwa kuchomwa. "Tena nina habari njema. Jumbe anamwoza binti yake. Anataka hadithi mpya, nzuri kuliko zote, isomwe arusini. Mbele ya watu wote! Kama una neno, kamwambie Jumbe huko huko."

"Nitamwambia," akasema Bi Kalunguyeye.

Siku ya arusi ikafika. Matopeni yote ikamiminika kwa Jumbe. Binti Kiboko kapakwa hina miguu yote minne, anameremeta. Bwana arusi alikuwa Kifaru, kijana mkimya, mgumu wa kufikiri lakini akianza haachi. Asubuhi alikuwa ameulizwa kama amekubali kumwoa binti Kiboko, akasema "Nimekubali," vigelegele vikapigwa, mambo yakaisha.

Bi Kalunguyeye alisimama pembeni na wanawe, kanga kajitanda mpaka kidevuni, akitazama. Na alichokitazama kilimshangaza. Vyura waliopiga ngoma walipewa sinia lao la pilau. Nguruwe aliyepika alipewa pakacha zima la maboga na nusu gunia la mchele. Aliyepaka hina alipewa kitambaa. Hata Kima, aliyetandika mikeka tu, akaitandika vibaya, alipewa sahani ya halua!

"Sasa hadithi!" Jumbe Kiboko akanguruma kutoka kwenye kiti chake kikubwa. "Nasikia mtunzi ni Bi Kalunguyeye. Yuko wapi? Lete gome, mwanamke, Mbega asome."

Bi Kalunguyeye akasogea mbele. Mbele ya Kiboko alionekana kama kokwa ya embe iliyotupwa.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba. Lete."

"Jumbe wangu, hadithi ipo. Lakini nina watoto wawili na chungu kitupu. Naomba nami nipewe, kama walivyopewa wenzangu."

Jumbe akaanza kucheka. Ho! Ho! Hooo! Watu wakashika vikombe vyao visianguke.

"Upewe? Upewe kwa lipi? Chura katoa jasho. Nguruwe kaunguza vidole. Wewe umetoa nini? Maneno! Nani hana maneno hapa? Hata mimi ninayo, mdomo umejaa!"

"Umejaa kweli, Jumbe!" akadakia Mbega, na watu wakacheka.

"Jumbe, maneno yangu yanatoka kwenye mgongo wangu."

"Yanatoka mdomoni kama ya kila mtu!" Kiboko akapiga mkono kwenye kiti. "Sikilizeni nyote, nisije nikasumbuliwa tena. Mimi, Jumbe wa Matopeni, natoa hukumu. Neno ni pumzi! Halina uzito, halina thamani, halimfungi mtu! Likishatoka mdomoni limekwenda na upepo. Anayetaka kulilipia na akalipie upepo!"

"Hukumu ya haki!" watu wakaitikia. Na Bi Kanga naye aliitikia, ingawa alitazama chini.

Bi Kalunguyeye aliduwaa. Alifikiri labda hakusikia vizuri. Watu hawa! Hawa hawa aliowaliza na kuwachekesha, waliokuja kwake na misiba yao wakaondoka wamepona, wote wanapiga makofi! Akawatazama wanawe, macho yao yako kwenye sinia la vyura. Akamtazama na Mbweha, kule nyuma, anajisafisha meno na kijiti ilhali hajala bado.

Kisha akatabasamu. Watoto wangu, mkubwa akikasirika, kimbieni. Mdogo akitabasamu, kimbieni zaidi.

"Jumbe wangu, umesema neno halina uzito?"

"Hata wa unyoya!"

"Na halimfungi mtu?"

"Hata kuku!"

"Limefika, Jumbe. Nimeshindwa. Basi na tusiharibu arusi, ngoja niwachangamshe kwa kitendawili. Bure kabisa!"

"Hayo ndiyo maneno!" akasema Kiboko. "Bure! Tega!"

Watu wakasogea. Nani hapendi kitendawili?

"Kitendawili!" akaita Bi Kalunguyeye.

"Tegaaa!"

"Mji mzima umekula ukashiba, mpishi kalala njaa."

Mmm! Watu wakakuna vichwa. Wakaanza kujibu wote kwa pamoja, kama kawaida ya watu wasiojua.

"Mwiko!" akasema Nguruwe.

"Mwiko hulambwa na mpishi, Bwana Nguruwe, nawe hulamba kuliko wote. Bado."

"Jungu!"

"Jungu halikosi ukoko."

"Moto!" akasema Mbega, kwa sauti yake ya kuimbia.

"Moto hula kuni. Umeshiba kabla yenu."

"Kisima!"

"Kisima hakipiki. Haya, mwingine?"

Wakajaribu jua, wakajaribu mvua, mmoja akajaribu shangazi yake. Wapi! Bwana arusi Kifaru alikunja uso akifikiri, lakini alikuwa bado yuko kwenye neno "mpishi." Mwisho Kiboko akachoka.

"Tumeshindwa. Tuambie."

"Ala! Jumbe, mila ni mila. Mmeshindwa, nipeni mji."

Ndivyo mchezo wenyewe ulivyo, nanyi mnaujua. Aliyeshindwa kitendawili humpa mtegaji wake mji, kisha ndipo aambiwe jibu.

"Tunakupa Kilwa!" wakaitikia.

"Kilwa ina wenyewe, nami sitaki ugomvi."

"Basi Tanga!"

"Tanga nina wifi, hatusemezani."

"Bagamoyo!"

"Mbali. Watoto watachoka."

"Mwanamke huyu!" Kiboko akafoka. Pilau yake ilikuwa inapoa, na kiboko mwenye njaa hana subira. Mbega akamwinamia sikioni. "Mpe Matopeni, Jumbe, tumalize. Ni maneno tu."

"Ho ho ho! Kweli! Haya, Bi Kalunguyeye, nakupa Matopeni!" Akasimama kabisa, mikono juu, afurahishe wageni. "Nakupa Matopeni yote! Na mto wake, na ghala langu, na kiti hiki changu nilichokikalia! Umeridhika?"

"Nimeridhika. Jamani, mmesikia?"

"Tumesikiaaa!"

"Basi nimepokea. Nimekwenda Matopeni, nimefika Matopeni, nimekaa Matopeni."

Na wakati Jumbe bado yuko wima anawapungia wageni, Bi Kalunguyeye akakimbia, tiki tiki tiki, hop! Akapanda kwenye kiti, akajikunja duara, akasimamisha ile miiba yake michache ya kiunoni.

Jumbe akaketi.

"YALAAAAA!"

Mayowe yale, ndege wa ng'ambo ya mto wote waliruka. Kiboko alipaa juu, naapa, kiboko alipaa! Akatua chini, tifu! Sinia likapinduka, wageni wakaanguka chali, vyura wakajitupa mtoni, chubwi, chubwi, chubwi.

"Nani yuko kwenye kiti changu?" Kiboko akalia, ameshika makalio.

"Kiti changu," ikajibu sauti ndogo. "Pole sana, Kiboko. Lakini ulipaswa kubisha hodi."

"Mshikeni! Mwizi!"

"Mwizi gani? Mwenye mji yuko kwenye kiti chake. Wote wamesikia nikipewa."

"Ule ni mchezo! Yalikuwa maneno tu! Nimeshasema neno halina uzito, halimfungi mtu! Matopeni ni yangu!"

"Ahaa," akasema Bi Kalunguyeye. "Basi sawa."

Na alikuwa anateremka, kweli, mguu mmoja umeshashuka, Kifaru aliponyanyua kichwa. Yule bwana arusi. Alikuwa ameacha kitendawili, sasa anafikiri jambo jingine, na pembe yake ilitikisika kwa uzito wa fikira.

"Samahani, baba mkwe."

"Nini tena?"

"Nina swali dogo. Asubuhi mimi nilisema 'nimekubali.'"

"Ndiyo, ulisema!"

"Lile lilikuwa neno."

"Ndiyo, neno!"

"Basi..." Kifaru akatazama njia ya kwao, kisha akamtazama binti Kiboko, kisha tena njia ya kwao. "Basi halinifungi?"

"ATI NINI?" akapiga kelele bibi arusi.

"Nauliza tu," akasema Kifaru.

Mama wa bibi arusi akaanguka, pu! Ushungi huku, viatu kule. Wanawake wakaanza kulia. Nguruwe akasimama, mwiko mkononi. "Na mimi je? Jumbe uliniahidi lile shamba la bondeni, kwa mdomo! Mwaka mzima nalilima! Nilikuwa nalima upepo?"

"Tulia, Nguruwe, hilo ni..."

"Na ujumbe wako wenyewe," ikasema sauti ya Bi Kanga, na wote wakageuka maana Bi Kanga hakuwa mtu wa kusema mbele za watu. "Siku ile ya kukutawaza, Jumbe, nilikuwepo. Tulikuambia wewe ni jumbe wetu. Sikuona ukipewa kitu kingine. Ni neno tu tulikupa."

Jumbe Kiboko akafungua mdomo wake wote ule, na safari hii hakuna kilichotoka. Jasho jekundu likaanza kumchuruzika, maana jasho la kiboko ni jekundu, msishangae. Alishtuka. Alitazama huku na huku, akaona mji wake, binti yake na cheo chake vyote vinaning'inia kwenye kitu alichokiita pumzi.

"Bi Kalunguyeye," akasema polepole. "Neno lina uzito."

"Sisikii, mimi ni mdogo, masikio yangu madogo."

"NENO LINA UZITO! Neno linamfunga mtu! Nguruwe, shamba ni lako! Kifaru, keti chini, umeoa!"

Kifaru akaketi. Vigelegele vikapigwa, mama wa bibi arusi akazinduka. Jumbe akashusha pumzi, akafuta uso. Bi Kalunguyeye akarudisha ule mguu wake juu ya kiti.

"Vizuri sana. Basi mji ni wangu."

"Mama yangu weee!"

Kiboko akapiga magoti. Jumbe wa Matopeni, magotini mbele ya kitu kinachoenea ndani ya kofia! Watu hawakujua wacheke au wajifunike nyuso.

"Nihurumie, Bi Kalunguyeye. Nina familia."

"Na mimi ninayo," akasema Bi Kalunguyeye, na hapo hakuwa anatania tena. "Inuka, Jumbe. Mji wako wa nini mimi? Zogo tupu. Nina hadithi za kuandika. Nitakurudishia, lakini nipe neno lako, maana sasa tumeelewana neno ni nini. Atakayeitaka hadithi yangu kwa karamu yake, nile naye. Atakayeweka tenga mlangoni, tenga hilo lianzie kwangu. Na kabla ya kusoma, aseme ni ya nani. Bwana Mbega, umenisikia?"

"Bibie, mimi siku zote nilikuwa nataka..."

"Sema ni ya nani."

Mbega akameza mate. "Ya Bi Kalunguyeye."

"Jina refu, lakini umeliweza."

"Shoga," Bi Kanga akauliza kwa aibu, "na vifaranga wangu wanaokuja uani kwako kusikiliza? Nao waje na kitu?"

"Toba! Watoto waje mikono mitupu. Hiyo natoa mimi, shoga, kwa kupenda kwangu. Na mgonjwa, na mfiwa, nao nitawapelekea mpaka kitandani. Sikuwahi kukataa kutoa. Nimekataa kuchukuliwa."

"Nimekubali!" akasema Jumbe. "Neno langu hilo, na wote ni mashahidi. Sasa teremka, nakusihi. Lakini ngoja! Jibu hujatupa. Mji mzima umekula ukashiba, mpishi kalala njaa. Ni nani huyo?"

Bi Kalunguyeye akawatazama. Akaona kweli hawajui. Mpaka sasa, baada ya yote yale, hawajui!

Akageuka, akaifungua kanga yake, ikaanguka.

Arusi nzima ikauona ule mgongo mtupu, na mashimo madogomadogo pale palipokuwa na miiba, yametapakaa kila mahali. Tembo alikuwa karibu, akalitambua moja, au alidhani amelitambua, akaficha uso kwa mkonga. Nguruwe akaweka mwiko chini. Bi Kanga alilia waziwazi, bila kujifunika. Wengine walikuwa wanahesabu kimya midomoni mwao hadithi walizozicheka. Na Mbweha, alipoona macho ya mji mzima yako kwenye mgongo ule na hayabanduki, akatupa kijiti chake akaondoka kwa kunyatia.

"Mlikuwa mnamtazama," akasema Bi Kalunguyeye.

Jumbe Kiboko akainuka mwenyewe, hakutuma mtu, akaenda kwenye jungu. Akapakua pilau, akapakua tena, akaja nalo sinia kwa mikono yake miwili mpaka mbele ya kiti. Watoto wawili wa Bi Kalunguyeye wakarukia pale bila kungoja kukaribishwa.

"Kula, mama," akasema Jumbe. "Kisha, kwa heshima yako, ukipenda, utusimulie."

Wote wakaketi chini. Wakangoja. Mbega akangoja, joho lake limeshuka mabega. Bibi arusi akangoja, huku kamshika Kifaru mkono asipotee. Wakangoja sana, na Bi Kalunguyeye hakuwaambia hata neno moja, kwa sababu mdomo wake ulikuwa umejaa pilau.

Nanyi mlionisikiliza, shikeni hili: cha bure ni zawadi kikitolewa na mwenyewe, kikichukuliwa na mwingine ni wizi.